Mzazi kama shahidi wa lugha ya mtoto: matatizo ya kusoma kati ya nyumba na shule mjini Lubumbashi

1. Utangulizi

Mwaka jana, mwezi wa pili, mama yangu alirudi kutoka shuleni kwa mdogo wangu akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliiweka mezani akaniambia: "Soma, uniambie." Karatasi ilikuwa ya Kifaransa, mistari mitano tu. Ilisema kwamba mtoto hana kiwango cha kuendelea, kwamba amekwisha kurudia darasa la pili na la nne, na kwamba wazazi wanaombwa kumtafutia njia nyingine. Mama anauza unga wa mahindi sokoni. Kiswahili anakisoma polepole, Kifaransa hakisomi. Alisimama mbele ya direktere kama dakika kumi, akatia sahihi pale alipoonyeshwa, akashukuru, akaondoka. Hakujua kwamba ameweka sahihi ili mtoto wake aache masomo.

Ninaanza na kisa hiki kwa sababu ndicho kilichonifikisha kwenye mada hii. Mimi ni mwanafunzi wa isimu, tawi la lugha za Kiafrika. Kwa miaka minne nimejifunza ngeli, toni, mofimu na fonimu, lakini sikuwahi kufikiri kwamba elimu hiyo inaweza kutumika jikoni kwa mama yangu. Makala haya yanaeleza mambo matatu: tatizo mahususi la kusoma ni nini, linaonekanaje katika Kiswahili, hasa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, na mzazi, hata asiyejua kusoma, anaweza kushika sehemu gani ya kazi. Hoja yangu ni kwamba mzazi si mtu wa kulipa na kutia sahihi tu. Yeye ni shahidi wa lugha ya mtoto. Bila ushahidi wake, shule haiwezi kumtofautisha mtoto anayeshindwa kusoma na mtoto ambaye anasema tofauti na kitabu.

Niseme mapema: mimi si daktari wala mwanasaikolojia. Sitoi njia ya kutibu. Natoa maelezo ya lugha, na yale niliyoyaona nyumbani.

2. Tatizo lenyewe

Neno disleksia lilitumiwa na Rudolf Berlin, daktari wa macho wa Ujerumani, mwaka 1887, akizungumzia watu wazima waliopoteza uwezo wa kusoma kwa sababu ya ugonjwa wa ubongo. Mwaka 1896, daktari Mwingereza W. Pringle Morgan alieleza katika gazeti la madaktari la nchi yake habari za mvulana wa miaka 14. Alikuwa na akili nzuri, macho yake yalikuwa mazima, hesabu aliziweza, lakini kusoma kulimshinda ijapokuwa alifundishwa kwa miaka. Mwalimu wake aliamini kwamba kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo, mvulana huyo angewapita wenzake wote. Nilipoisoma habari hiyo, nilimwona mdogo wangu.

Leo wataalamu wengi wanakubaliana kwamba kiini cha disleksia kiko katika sauti za lugha. Ili asome, mtoto lazima agundue kwamba neno linalotoka mdomoni kama kitu kimoja limejengwa kwa vipande, kisha afunge kila kipande na herufi yake, na afunge haraka mpaka asifikiri tena. Mtoto mwenye disleksia hupata taabu kwenye hatua hizo: kukata neno, kushika vipande kwa mpangilio, na kuvitambua kwa haraka. Tatizo hili huonekana mara nyingi katika ukoo mmoja, kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Lina ndugu zake pia: diskalkulia, inayogusa hesabu, na disgrafia, inayogusa maandishi. Yote huitwa kwa pamoja ulemavu wa kujifunza, au matatizo mahususi ya kujifunza. "Mahususi" maana yake hayagusi akili yote. Mtoto anaweza kuwa mwerevu sokoni na akaonekana mjinga darasani siku hiyohiyo.

3. Je, Kiswahili kinamlinda mtoto?

Nimewasikia wenzangu, na hata walimu, wakisema kwamba tatizo hili ni la Wazungu, kwa kuwa Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 2003, Philip Seymour na wenzake walilinganisha watoto wanaoanza kusoma katika lugha mbalimbali za Ulaya. Wale wenye maandishi yanayofuata sauti kwa uaminifu walimaliza misingi ndani ya mwaka mmoja hivi. Wale wa Kiingereza walichukua zaidi ya mara mbili ya muda huo. Kiswahili kiko upande wa lugha zinazofuata sauti: silabi zake nyingi ni konsonanti na vokali, na kila vokali ina sauti moja.

Lakini maandishi mepesi hayafuti disleksia. Yanabadilisha sura yake. Heinz Wimmer, aliyewachunguza watoto wanaosoma Kijerumani huko Austria, alionyesha mwaka 1993 kwamba wenye disleksia katika maandishi ya namna hiyo husoma maneno kwa usahihi mzuri, ila husoma polepole mno. Kwa Kiswahili chenyewe, Katherine Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa makosa ya watoto wanaojifunza kuandika. Walionyesha kwamba hata lugha yenye tahajia ya kawaida hivi si jambo dogo kuiandika.

Kiswahili nacho kina ugumu wake. Maneno yake ni marefu. Chukua kitenzi hawakutusomesha. Kina silabi saba: ha-wa-ku-tu-so-me-sha. Ukanushi uko mwanzoni, mtendewa yuko katikati, usababishi uko mwishoni. Msomaji anayechoka kwenye silabi ya tatu atakisia zilizobaki. Akisoma hawakuwasomesha badala yake, amebadilisha watu wa sentensi nzima kwa kosa la silabi moja. Msomaji wa lugha yenye maneno mafupi hukosea neno. Msomaji wetu hukosea ndani ya neno, na mara nyingi mwalimu mwenye watoto 60 mbele yake hasikii.

Kisha inakuja hatua ya Kifaransa. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inazitambua lugha za taifa kama chombo cha kufundishia na kama somo, na Kiswahili ni moja kati ya lugha nne za taifa zilizotajwa na Katiba, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba. Lakini mapema sana mtoto huvushwa kwenda Kifaransa, na pale kila alichokishika kwa taabu kinageuka. Herufi ch aliyoijua katika chakula sasa inasomeka kama sh. Herufi u ya mtu inakuwa sauti ambayo Kiswahili hakina, na ile aliyoizoea inaandikwa ou. Mwishoni mwa maneno zinatokea herufi zisizosomwa kabisa. Mtoto wa kawaida hujikwaa mwaka mmoja, akaendelea. Mwenye disleksia hupoteza na kile kidogo alichokuwa nacho.

4. Makosa ya aina mbili

Hapa ndipo mwanaisimu na mzazi wanapokutana. Nilifungua kaye za mdogo wangu, nikanakili makosa yote yaliyopigiwa mstari mwekundu katika imla za Kiswahili. Nilipoyapanga, yaligawanyika katika mafungu mawili.

Fungu la kwanza: mutoto kwa mtoto, mukate kwa mkate, bitabu kwa vitabu, batu kwa watu, luga kwa lugha, zahabu kwa dhahabu, shiku kwa siku, apana kwa hapana. Msomaji yeyote wa Lubumbashi amekwisha kutambua: haya si makosa ya kusoma. Ni Kiswahili chetu cha nyumbani. Sisi tunatamka mu- kama silabi kamili, viambishi vyetu vya wingi ni ba- na bi-, sauti h huanguka, dh inakuwa z. Mtoto aliyeandika mutoto amefanya kazi yote ambayo msomaji mzuri hufanya: amesikiliza neno, amelikata, ameandika kila kipande. Tena amelikata vizuri kuliko anayeandika mtoto kwa kukariri. Anachohitaji ni kufundishwa kwamba kitabu kina namna yake. Kumwita mlemavu kwa kosa hilo ni kumwonea.

Fungu la pili: kamalu kwa kalamu, boba kwa bomba, dizi kwa ndizi, baba kwa dada, anapelea kwa anapelekea. Hakuna mtu wa Lubumbashi, Likasi wala Kolwezi anayesema kamalu. Hapa silabi zimebadilishana nafasi, nazali mbele ya konsonanti imepotea, b na d zimechanganyika, silabi imemezwa. Makosa haya hutokea kwa kila mtoto anayeanza. Yakiwepo bado katika darasa la tano, yana maana nyingine.

Mwalimu, kwa haki kabisa, alihesabu yote pamoja: makosa 19 kati ya maneno 30. Lakini 11 yalikuwa ya lahaja na 8 yalikuwa ya tatizo lenyewe. Mtoto alipewa sifuri moja kwa mambo mawili tofauti, na dawa moja kwa yote mawili: arudie mwaka.

Nani awezaye kuyatenga mafungu haya? Mwalimu aliyetoka Kasai au Tanganyika huenda hajui kila neno la nyumba ile. Mama anajua. Nilimsomea orodha nzima nikamwuliza swali moja kwa kila neno: "Hivi, nyumbani tunasema?" Alijibu bila kusita. Alipofika kwenye kamalu alicheka, kisha akanyamaza. Akasema: "Hata kwa kusema alikuwa anageuza hivi. Alipokuwa mudogo. Mimi nilifikiri ni muchezo." Ushahidi huo haukuwa katika buletini yoyote.

5. Ushiriki wa wazazi: kutoka mfuko hadi mdomo

Kwetu, maneno "wazazi na shule" yana historia nzito. Tangu miaka ya 1990, mishahara ya walimu ilipoanguka, wazazi ndio walioibeba shule kwa kulipa kile kilichoitwa "motivasyo". Kamati ya wazazi, COPA, ilijulikana zaidi kwa hesabu za pesa. Serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019, kama Katiba inavyotaka, wazazi wengi wa mtaa wetu walielewa kwamba sasa shule haiwahusu tena. Kama ushiriki ulikuwa pesa, na pesa zimeondolewa, kimebaki nini?

Mwanasosholojia wa Marekani, Joyce Epstein, alipendekeza mwaka 1995 kugawa ushiriki wa wazazi katika aina sita: kulea, kuwasiliana, kujitolea shuleni, kusaidia masomo nyumbani, kushiriki katika maamuzi, na kuunganisha shule na jamii. Kwa mtoto mwenye ulemavu wa kujifunza, naona mbili zinatangulia nyingine zote: kuwasiliana na kusaidia nyumbani. Na zote mbili ni mambo ya lugha.

Kuwasiliana kwanza. Barua ya Kifaransa kwa mama asiyesoma Kifaransa si mawasiliano. Ni uamuzi uliovaa nguo za mawasiliano. Shule ambayo ina walimu wanaozungumza Kiswahili ukumbini inaweza kuandika mistari mitano ya Kiswahili, au kumwita mzazi na kumweleza kwa mdomo kabla ya sahihi. Mzazi naye ana haki ya kusema: "Nisomee kwanza." Nchi yetu ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na tangu Mei 2022 tunayo sheria ya kuwalinda na kuwaendeleza watu wanaoishi na ulemavu. Mzazi hahitaji kuikariri. Inatosha ajue kwamba kumwomba mwalimu amsaidie mtoto si kuomba zawadi.

Kusaidia nyumbani ni jambo ambalo wengi hulielewa vibaya. Kwetu lilikuwa fimbo. Baba alikuwa akimkalisha mtoto mbele ya kitabu saa nzima jioni, na kila kosa lilikuwa na bei yake. Mtoto alianza kuumwa tumbo kila ikifika saa kumi na mbili. Sisemi hivi kumshitaki baba, alifanya alichofanyiwa. Lakini mtoto asiyesikia mpaka kati ya silabi mbili hawezi kuusikia kwa kupigwa.

6. Tulichofanya nyumbani

Kwanza mama alimpeleka kituo cha afya kupimwa macho na masikio. Hatua hii isirukwe: mtoto asiyesikia vizuri naye huandika boba kwa bomba. Yote yalikuwa mazima.

Pili, niliandika maneno 20 kwenye vipande vya karatasi: 10 ya kila siku, kama bukari, sokoni, kalamu, na 10 yasiyo na maana lakini yenye silabi za Kiswahili, kama lapuki, tomesa, ndabiko. Maneno yasiyo na maana hayawezi kukisiwa, lazima yakatwe. Ya kwanza aliyasoma karibu yote, kwa kuangalia herufi mbili za mwanzo na kubahatisha. Ya pili yalimshinda saba. Hapo nilielewa kwa nini alionekana kama anaweza leo na hawezi kesho.

Tatu, tuliacha kitabu kwa majuma matatu, tukarudi mdomoni. Kazi hii ilikuwa ya mama, si yangu, kwa kuwa haihitaji kusoma. Wakati wa kupepeta unga, alitaja neno na mtoto alilikata kwa kupiga makofi: so-ko-ni, makofi matatu. Kisha alimwuliza: "Toa so, kunabaki nini?" Kisha: "Neno gani linaanza kama ndizi?" Watoto wa pwani wana mchezo wa kinyume, wa kugeuza silabi za neno, sisi tulifika huko mwishoni, maana kwa mtoto wa namna hii ndio mgumu kuliko yote. Vitendawili navyo vilisaidia kumrudishia hamu ya maneno.

Nne, tulirudi kwenye kusoma: dakika 15, saa ileile, kila siku isipokuwa Jumapili. Mimi nasoma mstari, yeye anaurudia kwa kidole, kisha anausoma peke yake. Akikosea silabi, naigusa tu, sisemi neno. Dakika 15 zikiisha tunafunga, hata kama anasoma vizuri.

Tano, mama alirudi shuleni. Safari hii nilimsindikiza, lakini nilikaa nyuma. Alifungua kaye, akaonyesha mafungu mawili kwa rangi mbili, akasema: "Mwalimu, haya ya kijani ni kusema yetu ya nyumbani, utamufundisha polepole. Haya mekundu ndiyo ugonjwa wenyewe. Mutoto eko na akili, lakini herufi zinamukatala. Kwangu sokoni anarudisha chenji hakosei hata faranga." Mwalimu alizitazama rangi kwa muda mrefu. Kisha alisema jambo ambalo sikulitarajia: "Mama, hakuna mzazi aliyewahi kuniletea kazi. Wananiletea malalamiko."

Walikubaliana mambo matatu madogo. Mtoto akae safu ya mbele. Asiitwe kusoma kwa sauti mbele ya wote bila kutayarishwa tangu jana yake. Na maswali ya hesabu asomewe, kwa sababu alikuwa akishindwa hesabu kwa kutosoma swali. Katika zoezi la kwanza la namna hiyo alipata 7 juu ya 10. Kabla yake alizoea 2 au 3. Direktere alikubali abaki hadi mwisho wa mwaka, kisha itazamwe tena.

Jambo la sita halikupangwa. Jioni moja, baba alikaa kando tukipiga makofi ya silabi. Mdogo wangu aligeuza neno. Baba akalirudia, naye akaligeuza vilevile. Alisimama akatoka nje. Aliporudi alituambia kwamba shuleni alipigwa miaka sita kwa jambo hilo, na kwamba ndiyo sababu aliacha masomo akaenda kufanya kazi ya umakanika. Mpaka leo barua zake husomewa na mama au nami, na sisi tulidhani ni uchovu wa kazi. Tangu siku ile fimbo haijaonekana. Wakati mwingine huja kupiga makofi pamoja nasi.

7. Hitimisho

Mdogo wangu sasa yuko darasa la sita. Mwisho wa mwaka huu ataketi kwenye mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, ENAFEP. Bado anasoma polepole. Kamalu imekwisha, nazali bado inapotea akichoka. Sijui kama atapita. Najua kwamba bila mama yake angekuwa ameachishwa kwa sahihi moja.

Kutokana na haya, naiwekea kitivo chetu mapendekezo matatu. Kwanza, tunayo maelezo mazuri ya Kiswahili cha Lubumbashi, lakini yamelala katika tasnifu. Orodha ya kurasa mbili ya tofauti za matamshi kati ya lahaja yetu na Kiswahili cha kitabu ingemsaidia mwalimu wa msingi kutenga kosa la lahaja na kosa la kusoma. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaweza kuiandaa kama kazi ya somo la fonolojia. Pili, tutunge orodha za maneno yasiyo na maana kwa silabi za Kiswahili, kwa kila darasa, ili walimu waache kuazima zile za Kifaransa ambazo zinapima kitu kingine. Tatu, wanafunzi wanaokwenda kufanya mazoezi ya ualimu wafundishwe kuandika taarifa fupi kwa wazazi kwa Kiswahili kinachosomeka mtaani, na kuisoma kwa sauti mzazi akiwa mbele yao.

Na kwa mwenzangu mwenye mdogo, mtoto au jirani anayeitwa mvivu: kabla ya kuchukua kitabu, keti na mama yake, fungueni kaye, na kwa kila neno lenye mstari mwekundu umwulize: nyumbani tunasema hivi? Majibu yake yaandike, uyapeleke kwa mwalimu.